Ua la tunguu linalonukia usiku: upande lipi uani kwako Mombasa?

Saa mbili za usiku, mwezi wa Januari. Joto limewatoa watu wote barazani, na kutoka kwenye ndoo moja ya plastiki iliyoegemezwa ukutani harufu inapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili. Ndani ya ndoo mna mashina matatu tu ya tuberozi. Shangazi yangu, ambaye ametunga asumini tangu utotoni, aliingia akauliza hata kabla ya kuvua viatu:

"Mwanangu, mumefukiza nini humu?"

"Hatukufukiza kitu, shangazi. Ni lile ua hapo mlangoni."

Aliinama, akanusa, akanyamaza kidogo. "Hili lataka kutungwa," akasema.

Tangu usiku ule ndugu na majirani hawaishi kuniuliza: ua hili lapandwaje, na je, hakuna jingine lenye harufu ya namna hii lisilo na kazi nyingi? Yapo. Nimepanda manne yanayotokana na matunguu, yale mafundo ya chini ya udongo yenye umbo la kitunguu, au mizizi minene, yote meupe, yote yakinukia zaidi jua likishatua: tuberozi, yungiyungi buibui, tangawizi ya maua na gladiolasi ya Uhabeshi. Nitayalinganisha hapa, ila sitayapa nafasi sawa, kwa sababu kwa mtu wa Mombasa hayako daraja moja.

Vuli ndiyo wakati wetu wa kupanda

Matunguu ya maua kama haya huja na maelezo yaliyoandikiwa watu wa Ulaya na Marekani. Wao huambiwa wapande majira ya kuchipua, baridi kali ikishapita, ili waone maua mwisho wa kiangazi chao, Agosti na Septemba. Kisha huyang'oa kabla baridi haijarudi na kuyaweka ndani mpaka mwaka ujao. Kwao adui ni barafu.

Mwaka wangu wa kwanza nilifuata pakiti neno kwa neno. Iliandikwa nipande Machi au Aprili, nami nikachimba uani nikafukia matunguu 12 ya tuberozi. Mwezi wa Mei, masika ilipokuwa imenyesha siku nne mfululizo, nilifukua moja nitazame. Ganda la nje lilikuwa zima, la kahawia, halina doa. Nilipolibonyeza kwa kidole gumba likabonyea kama embe bovu, na ute ukatoka wenye harufu ya kitunguu kilichooza. Katika yale 12 yaliokoka mawili.

Ndipo nilipoelewa kwamba kalenda ile inataka kugeuzwa. Sisi tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Urefu wa mchana wetu haubadiliki kwa kiasi cha kulisumbua ua, na hata Julai hakuna baridi ya kuua tunguu. Kinachoua ni maji yaliyotuama. Kwa hiyo panda mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, vuli ikunyweshee mimea wakati inakua, na maua yatoke Januari na Februari, siku za kaskazi, wakati watu wanakaa nje mpaka usiku wa manane. Masika ikikaribia, tunguu liwe mahali pakavu au pasipotuamisha maji.

Hapo ndipo penye kipimo changu cha kuchagua. Kabla hujauliza ua lipi zuri, simama uani kwako mvua ikinyesha uangalie maji yanakwenda wapi, yanakaa muda gani, na ukinywesha wakati wa jua unatumia maji ya wapi: ya mfereji, ya kununua kwa mitungi, au ya kisima chenye chumvi. Jibu la hayo litakuchagulia ua kuliko picha yoyote.

Tuberozi: harufu kuu, na kazi yake

Kwa harufu peke yake hakuna ulinganisho. Tuberozi inashinda. Harufu yake ni nzito, kama tui la kwanza la nazi lililochanganywa na asumini, na kwa mbali kuna ukali kidogo kama wa kafuri. Mchana unaweza kupita karibu usiiguse pua. Kuanzia magharibi inaanza kuja, na saa tatu imejaa. Maumbile yake yanaeleza sababu: ni ua jeupe lenye mrija mrefu, linalowaita nondo wakubwa wa usiku kwa harufu. Wahindi huliita rajanigandha, yaani harufu ya usiku, na hulitunga katika makoja ya harusi.

Asili yake ni Mexico, na hapa pana jambo lililonifurahisha nilipolijua. Wataalamu wa mimea, ambao zamani waliiita Polianthes tuberosa, sasa wameihamishia katika ukoo mdogo wa Agave, ule ule wa mkonge. Ua hili la kutungwa nyweleni, basi, ni jamaa wa karibu wa yale mashamba ya mkonge unayoyaona ukienda Kilifi. Ukijua hivyo unaelewa tabia yake: inapenda jua kali, inapenda maji inapokua, lakini haivumilii miguu yake kulowa daima.

Namna ninavyoipanda sasa ni ndani ya ndoo au chungu chenye kina cha sentimita 30, kilichotobolewa matundu mengi chini. Natia kokoto kidogo, kisha mchanganyiko wa udongo mwekundu, mchanga wa mtoni na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza vizuri. Mchanga wa ufukweni usiutumie, una chumvi. Tunguu huzikwa sentimita 5 hivi, na kati ya tunguu na tunguu huachwa sentimita 15. Nanywesha mara moja siku ya kupanda, halafu nangoja ncha ya kijani itokeze ndipo nianze kunywesha mara kwa mara. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanalimwagia maji tunguu ambalo bado halina mizizi ya kuyanywa.

Kuanzia kupanda mpaka kuchanua ni miezi mitatu hadi minne. Shina la maua hupanda mpaka kiunoni, na vichomozo, yaani matumba ya maua, hufunguka kuanzia chini kwenda juu, viwili vitatu kila jioni, kwa hiyo shina moja hukutosha wiki mbili. Shina refu funga na kijiti, maana upepo ukija huliangusha.

Kasoro yake kubwa ni hii: tunguu moja huchanua mara moja tu. Likishachanua halitoi tena, ila limezungukwa na vitoto. Vitoto hivyo huvitenganisha. Vikubwa huchanua msimu ujao, vidogo huhitaji mwaka mwingine wa kunenepa. Asiyetaka kazi ya kufukua, kutenganisha na kupanda upya kila mwaka au miwili, tuberozi itamchosha. Atabaki na kichaka cha majani yanayofanana na nyasi na hakuna ua. Pia kuna minyoo midogo ya udongoni inayoivimbisha mizizi, ndiyo maana sirudii udongo ule ule kwenye ndoo ile ile.

Jambo jingine la kuuliza kabla ya kununua: ziko za petali moja na za petali nyingi. Za petali nyingi zina umbo la kuvutia, kama kiwaridi kidogo. Nilinunua mara moja matunguu niliyoambiwa ni ya petali moja, yakatoka ya petali nyingi, na nilisikitika. Hizi hunukia pia, lakini zile za petali moja zina harufu kali zaidi na hufunguka vizuri zaidi. Anayetaka kutunga achukue za petali moja.

Yungiyungi buibui: la mtu aliye karibu na bahari

Hili yawezekana unalo tayari na hulijui jina. Wenye vitalu vya barabarani huliita spaida lili. Jina lake la kitaalamu ni Hymenocallis littoralis. Majani yake ni mapana kama mikanda, ya kijani kilichoiva, na ua lake lina petali nyembamba ndefu zinazoning'inia kama miguu ya buibui, katikati pakiwa na kikombe chepesi cheupe kama karatasi. Asili yake ni fukwe na mabwawa ya Amerika ya kitropiki, na hilo linaonekana: chumvi ya upepo wa kusi hailisumbui, jua halilisumbui, na mvua ya masika ndiyo kwanza linanenepa.

Hapo ndipo linapoipiku tuberozi kwa mbali. Nyumba iliyoelekea bahari, ambako kila kitu cha chuma kinaliwa na kutu na majani ya mimea mingine yanaungua kingo, yungiyungi buibui litakaa miaka na miaka. Udongo wetu wa mawe ya matumbawe, wenye chokaa nyingi, linauvumilia. Ukilipanda acha shingo ya tunguu iwe sawa na uso wa udongo. Baada ya hapo kazi yako ni kupunguza kichaka kinapobanana.

Harufu yake ni tamu ya vanila, nyepesi, ya jioni. Hutaisikia ghorofani. Utaisikia ukifungua geti, na hiyo si haba. Ua moja hunyauka upesi na halifai sana kukatwa, ila kichaka kikubwa hutoa mashina kwa zamu, mara kadhaa kwa mwaka.

Tahadhari moja ninaisema kwa uzito. Tunguu lake linafanana sana na kitunguu maji, na lina sumu iitwayo laikorini inayomfanya mtu atapike vibaya. Ukiling'oa kulihamisha, usiliweke jikoni wala ndani ya kikapu cha sokoni, hata kwa dakika tano. Nyumba yenye watoto wadogo wanaotia kila kitu kinywani, panda nyuma ya uzio.

Tangawizi ya maua: la anayedondokewa na maji

Hedychium coronarium ni ndugu wa tangawizi, manjano na iliki, na ukivunja kipande cha mzizi wake utaamini. Haina tunguu hasa, ina mzizi mnene unaotambaa, lakini huuzwa na kupandwa pamoja na matunguu. Inatoka upande wa Himalaya. Cuba wamelifanya ua la taifa lao. Petali zake ni kama kipepeo mweupe aliyetua, na harufu yake ni ya asumini yenye pumzi ya iliki. Kati ya manne haya, ndilo ambalo pua ya mtu wa pwani hulizoea upesi zaidi, kwa kuwa harufu yake tunaijua tayari kwa vipande vipande.

Kwa upande wa maji, ni kinyume kabisa cha tuberozi. Inataka unyevu wakati wote na kivuli cha nusu siku. Kile kipembe cha uani kinachoozesha tuberozi, karibu na bafu ya nje au chini ya bomba linalovuja, hapo ndipo pake. Ila ina maadui wawili ambao Mombasa tunao kwa wingi: chumvi na chokaa. Ukiinywesha maji ya kisima, kingo za majani hukauka kama zimechomwa. Ukiipanda kwenye matumbawe matupu, majani huwa manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, kwa sababu chokaa inaizuia isipate madini ya chuma.

Dawa ya chokaa ni mboji, na mboji nyingi. Aliyewahi kutembea Haller Park pale Bamburi ameona somo hili kwa macho yake. Lile lilikuwa shimo la machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu jeupe. Rene Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti, mvinje ndio ukastahimili, na majani yake yaliyodondoka yakaliwa na majongoo na kugeuka udongo. Mimi huokota majani makavu ya mvinje na ya mwarobaini, nayarundika kwenye pembe moja kwa miezi kadhaa, nikichanganya na maganda ya ndizi, na hayo ndiyo kitanda cha tangawizi yangu.

Dawa ya chumvi niliigundua kwa bahati. Kiyoyozi cha jirani kilikuwa kinadondosha maji upande wangu wa ukuta, na nilikuwa nakaribia kulalamika. Nikaona nyasi za pale zimeshinda za kwingine zote kwa kijani. Maji ya kiyoyozi ni mvuke wa hewa uliogeuka maji. Hayana chumvi wala chokaa. Nikahamishia tangawizi ya maua hapo. Sasa imefika kimo cha mtu mzima, na inanywa tone kwa tone mchana kutwa bila mimi kubeba ndoo. Kama una kiyoyozi na mrija wake unamwaga barabarani, umepata mahali pa kupanda.

Kila ua hudumu siku moja hivi, lakini kila kichwa cha shina hutoa mengine kwa wiki kadhaa. Shina likimaliza lote, likate chini kabisa. Machipukizi mapya yako tayari pembeni. Usiipande karibu na mto, kijito au mtaro unaoelekea huko. Afrika Kusini imeiweka katika orodha ya mimea vamizi kwa jinsi inavyoziba kingo za mito, na kipande kidogo tu cha mzizi hutosha kuanzisha kichaka kipya.

Gladiolasi ya Uhabeshi: jirani wa karibu asiyezoea pwani

Gladiolus murielae ni wa kwetu Afrika Mashariki, kuanzia Uhabeshi kuteremka mpaka Malawi. Ua lake linainama, jeupe, kooni lina doa la rangi ya damu ya mzee, na harufu yake ni laini sana. Nililipenda kwa macho kuliko yote manne. Lakini ni ua la nyanda zilizoinuka, lenye mazoea ya usiku wenye ubaridi, na kwangu lilitoa majani mengi yenye afya na maua machache. Wadudu wadogo wanaofyonza utomvu nao waliliandama siku za joto kali. Harufu yenyewe ni ya kusogeza pua.

Mwenye ndugu Wundanyi, kwenye milima ya Taita, amnunulie. Yazikwe sentimita 10, kumi au zaidi pamoja, yatapendeza. Kwa Mombasa kisiwani sitamshauri mtu atumie pesa zake za kwanza hapo.

Na kwa kuwa naulizwa pia kuhusu yale mayungiyungi makubwa ya duka la maua, yenye madoadoa na harufu ya kulevya: yaache dukani. Matunguu yake yanahitaji wiki kadhaa za baridi kabla ya kuchanua, kwa hiyo hapa labda uyalaze kwenye friji, na mwaka wa pili huwa yamesinyaa. Kubwa zaidi, kila sehemu yake ni sumu kwa paka. Hata chavua akiilamba kwenye manyoya inaweza kumwua kwa kuharibu figo. Mji huu umejaa paka wanaoingia na kutoka nyumba kwa nyumba, na si haki kuwawekea kitu hicho njiani.

Nani achukue lipi

Aliyepanga chumba na ana roshani au ngazi tu, yenye jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, achukue tuberozi kwenye ndoo. Masika ikija ataiinua aiweke chini ya paa, na ndoo tatu zinatosha. Aliye Nyali, Likoni au popote anaposikia mawimbi, mwenye udongo wa mawe na kisima cha maji ya chumvi, asijihangaishe: yungiyungi buibui, kisha aongeze ndoo moja ya tuberozi upande wa ndani ambako upepo haufiki, ainyweshee maji ya mfereji yasiyo na chumvi. Mwenye ua wenye kivuli cha mwembe, au kiyoyozi kinachodondosha, tangawizi ya maua itamlipa kwa miaka. Anayesafiri mara kwa mara asichague tangawizi. Wiki mbili za Februari bila maji zitaikunja majani yote.

Kwa kutunga, ziko mbili tu. Tuberozi ndiyo ya kwanza kwa sababu huendelea kutoa harufu hata baada ya kuchumwa, sawa na asumini. Wafaransa wa mji wa Grasse walilijua hilo: maua haya mawili hawakuyachemsha, waliyalaza juu ya mafuta yaliyoganda ili mafuta yanywe harufu polepole, wakibadilisha maua mara kwa mara. Bibi zetu wanaoloweka asumini katika mafuta ya nazi hawatashangaa. Tangawizi ya maua hutungika pia, lakini petali zake ni laini mno, zinaanza kuwa na alama za kahawia kabla ya usiku kuisha.

Nimejaribu tuberozi ndani ya kikuba, kile kifungu kidogo cha maua ya kunukia, pamoja na mrehani na mkadi. Vichomozo vinne vilitosha. Nilipotia saba vilifunika kila kitu, mrehani haukusikika kabisa. Uzi upitishwe kwenye mrija wa ua, chini ya petali, na vichaguliwe vile vilivyovimba lakini havijafunguka, vichumwe alasiri. Vitafunguka vyenyewe kichwani kwa mtu.

Shangazi alinionyesha hivyo mwenyewe, pale barazani, kwa uzi wa kushonea na sindano ndefu. Alipoondoka alichukua koja moja kichwani na akaniachia maagizo. Nyumba yake iko Mji wa Kale, haina udongo hata wa kujaza kikombe, bali ana roshani inayopata jua tangu asubuhi. Nimemtengea vitoto sita vilivyonenepa, viko kwenye kikapu cha ukindu chini ya ngazi, vikavu, kila kimoja kikubwa kama kidole gumba. Wiki ya mwisho ya Septemba nitampelekea pamoja na ndoo mbili zilizokwisha kutobolewa.